Shayiri Nyeupe na Sindano za Mdogo Wangu

Kazi ya kwanza ya kudumu niliyopata baada ya baba kufa ilikuwa ya kuotesha shayiri gizani. Kituo kilikuwa upande wa Kabete, majengo ya mawe yenye paa za mabati mekundu, na nyuma yake nyumba mbili za vioo. Mimi nilipewa chumba kisicho na dirisha. Nilitandaza karatasi ya chujio kwenye trei, nikailowesha, nikapanga punje safu kwa safu, nikafunika, nikafunga mlango. Siku ya sita shayiri ilikuwa imeota, ndefu na nyembamba, ya manjano kama uzi wa gunia. Hapo Daktari aliingia, akawasha taa kubwa, akavuta kiti akakaa kutazama. Saa chache baadaye ile manjano ilianza kuingia kijani. Kesho yake jioni jani lilikuwa jani.

Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mtu wa Ukambani aliyesoma ng'ambo mambo ya mimea, na alirudi miaka michache baada ya uhuru. Mzee aliyeosha vyombo vya kioo pale kituoni alinionya siku ya kwanza.

“Ukiumwa na tumbo usimwendee huyo,” alisema. “Atakuweka kwanza kwenye kabati la giza siku sita.”

Nilicheka, lakini sikumuuliza mzee wala Daktari kwa nini tulikuwa tunaotesha nafaka gizani ambayo hakuna mtu angeila. Nilikuwa nimelelewa hivyo. Baba alitunza bustani za watu Lavington tangu nikiwa mdogo, na alinifunza kazi kwa maneno machache. Shika jembe hivi. Maji yamwagwe shinani, si juu ya ua. Na usimuulize mwenye kazi kazi yake ni ya nini, maana atadhani unapima akili yake. Aliniambia kuwa yeye aliwahi kuuliza mara moja, kuhusu mti uliokatwa ukiwa mzima, na kufikia mwisho wa wiki akawa anatafuta kazi kwingine. Tangu hapo alifanya alichoambiwa na akadumu. Mimi nilitaka kudumu.

Nilikuwa na sababu. Mama alifariki mdogo wangu wa mwisho akiwa anatambaa. Baba alianza kukohoa nikiwa darasa la sita, nikaacha shule ili nimsaidie kubeba maji na kusukuma mashine ya nyasi, kwa sababu kufika saa nne alikuwa hana pumzi. Alikwenda hospitali akiwa amechelewa sana. Tulimzika nyumbani Magharibi, na baada ya maziko wazee wa ukoo wakakaa kutugawa. Ndugu yangu wa katikati alichukuliwa na shangazi. Wa mwisho, msichana, alitakiwa na watu wa mbali ambao sikuwajua vizuri. Nikasema huyu anarudi nami Nairobi. Shangazi aliniuliza kama nina akili.

“Utampikia nini? Wewe mwenyewe hujaota ndevu.”

“Nitampikia ninachokula.”

Waliniacha. Labda walidhani ningerudi naye baada ya mwezi mmoja. Sikurudi naye. Tulipanga chumba Kawangware, akaingia shule, na mimi nikapata ile kazi ya shayiri kwa kupitia mtu aliyemfahamu baba.

Mdogo wangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu alianza kukohoa kikohozi kile kile cha baba. Sikungoja. Nilimpeleka zahanati iliyokuwa njiani kuelekea mjini, wakampima makohozi, wakasema ni kifua kikuu, na kwamba akitibiwa mapema atapona. Neno hilo la kupona nililibeba moyoni nikirudi kazini. Matibabu yalikuwa vidonge pamoja na sindano moja kila asubuhi isipokuwa Jumapili, kwa miezi. Tulitoka alfajiri, tukapitia Kileleshwa kwa miguu kando ya zile nyua za michongoma, nikamwacha kwenye foleni, nami nikageuka kwenda Kabete. Sista wa zahanati alikuwa mama mkali mwenye mkono mwepesi.

“Upande gani leo?” alimuuliza kila siku.

“Ule ambao hauumi.”

“Huo bado haujazaliwa. Geuka.”

Mdogo wangu alikuwa mtu wa maneno. Darasani alikaa akiegemea upande mmoja, na mwalimu akimwambia akae vizuri alijibu kuwa upande wa pili umefungwa kwa matengenezo. Baada ya mwezi mmoja na nusu alikuwa amenenepa kidogo na kikohozi kimepungua. Nilimwandikia shangazi barua kumweleza. Nilijivuna, sina haja ya kuficha.

Wakati huo huo kazi ya Daktari ilibadilika. Alileta chupa ndogo zenye unga mweupe, zilizozibwa kwa mpira na ukanda wa bati, akazipanga kwenye friji. Alinifundisha kuuyeyusha ule unga katika maji kwa vipimo vinne, kutoka hafifu hadi kali, na kulowesha karatasi za shayiri kwa maji hayo badala ya maji matupu. Trei moja tu ilibaki na maji matupu. Nilisoma karatasi ya chupa kwa sababu najua kusoma. Streptomaisini. Nililijua hilo jina. Sista alikuwa akichoma sindano kwenye kizibo cha mpira cha chupa kama hiyo kila asubuhi, na nilikuwa nimelisoma mara nyingi nikiwa nimesimama mlangoni.

Siku ya sita tuliwasha taa. Trei ya maji matupu ikawa kijani kama kawaida. Ile yenye dawa hafifu ikawa na majani yenye mistari, kijani na nyeupe. Zile zenye dawa kali zilipoteza manjano zikawa nyeupe kabisa, nyeupe ya karatasi. Zilikuwa zimesimama wima, nzuri kwa namna yake, urefu wa kidole. Daktari alifurahi sana. Aliniambia nizitunze na niandike kwenye daftari kila siku ngapi ziko hai.

Niliandika. Siku ya kumi zilikuwa hai zote. Siku ya kumi na mbili ncha zilianza kulegea. Kisha zikaanza kulala, safu kwa safu, na nilipoichambua punje ya mmea mmoja kwa kucha nikakuta ganda tupu. Hilo nililielewa bila mtu kunieleza. Jani jeupe halijipikii chakula. Linakula akiba ya punje iliyolizaa, na akiba ikiisha linakufa.

Kwenye rafu nyingine Daktari alikuwa na shayiri ambayo kati ya miche minne mmoja ulitoka mweupe bila dawa yoyote. Nilimsikia akiwaambia wanafunzi waliomtembelea kwamba hiyo imerithi kasoro ya jeni, agizo moja limekosekana kwenye mbegu yenyewe. Na hiyo nayo ilikufa siku zile zile. Nilisimama nyuma yao na ndoo yangu nikifikiri juu ya baba na mdogo wangu. Wapangaji wenzetu wa ploti yetu walikuwa wameshasema kuwa kifua kiko katika damu ya nyumba yetu. Nikawaza: mtoto mwenye kasoro ya kurithi, na juu yake anatiwa kila siku dawa inayofanya majani kuwa hivi. Anaonekana mzuri kwa sasa kwa sababu bado ana akiba.

Ningeweza kuuliza hapo, wakati wanafunzi wakifungasha daftari zao. Daktari hakuwa mtu mbaya. Nilichukua ndoo nikatoka.

Wiki ile ile mdogo wangu aliniambia masikio yanalia.

“Yanalia vipi?”

“Kama sufuria ya maji kabla haijachemka. Mchana wote.”

Nilimwona asubuhi akitoka nje akashika ukuta. Alikwenda hatua tatu akayumba. Mama wa mlango wa pili, aliyekuwa anapepeta mchele, akacheka.

“Huyu mtoto amepitia kwa wauza busaa?”

“Nimepitia kwa sista,” alijibu mdogo wangu, “na yeye ndiye anauza kali.”

Wote walicheka. Mimi nilikuwa naona shayiri inayolegea ncha.

Kazini nilimwendea mzee wa vyombo. Yeye hakuwa mwenye kazi, kwa hiyo nilijiona huru kumuuliza.

“Mzee, ile dawa ya shayiri, inaua?”

“Wewe ndiye mwenye daftari. Unamuuliza mtu wa sabuni?”

“Na mtu je?”

Aliinua chupa akaitazama kwenye mwanga kama kuna uchafu. “Mtu si shayiri, kijana. Lakini mimi ukinipa hiyo, sinywi.”

Huo ndio ushauri wote niliotafuta. Ilikuwa mwezi wa Machi, Jumatatu. Mdogo wangu alikuwa amevaa tayari, anafunga viatu.

“Leo hatuendi,” nilisema.

“Zahanati imefungwa?”

“Haijafungwa. Hatuendi tena. Ile dawa nimeiona inavyofanya kazi. Si nzuri.”

“Sista atakasirika.”

“Akasirike.”

“Na kikohozi?”

“Kikohozi kimekwisha. Utakula vizuri, utapumzika.”

Basi akavua kiatu kimoja, akakaa kitandani polepole, makalio yote mawili, akanyoosha mgongo. “Leo nitakaa kama mtu,” alisema. Nilimkaangia yai, na vidonge vilivyobaki akameza mpaka vikaisha, nasi hatukufuata vingine.

Baada ya kama wiki mbili alikuja mtu wa afya kwa baiskeli, na daftari mkononi, kumtafuta. Mdogo wangu alikuwa shuleni. Nilimwambia mtu yule kuwa mtoto amepelekwa Magharibi kwa shangazi yake. Alinishukuru, akaandika, akageuza baiskeli. Nakumbuka aliniomba maji ya kunywa na nikampa.

Kisha mambo yakawa mazuri, na hilo ndilo lililonimaliza. Ule mlio wa masikio ulipungua. Aliacha kuyumba. Mvua ndefu zilipoanza alikuwa akiruka mitaro ya Kawangware na wenzake, na mimi nilikuwa nikimtazama nikijiambia kuwa nimemtoa mdomoni mwa mauti kwa kutumia macho yangu mwenyewe. Kila trei nyeupe niliyoihesabu ilinithibitishia. Niliwahi hata kumhurumia sista, kwamba anachoma watu kitu asichokijua.

Baridi ya Julai ilikirudisha kikohozi. Nikasema ni baridi. Mdogo wangu naye akasema ni baridi. Alianza kufua nguo zake mwenyewe, zote, na sikuwaza lolote mpaka Jumapili moja nilipotafuta kitambaa cha kushikia sufuria nikakuta chini ya godoro leso tatu zilizokunjwa, zimekauka damu.

“Tangu lini?” nilimuuliza.

“Hazijawa nyingi.”

“Tangu lini?”

“Ungenirudisha kwa sindano,” alisema. “Wewe mwenyewe ulisema zinaua.”

Kesho yake kazini nilitia dawa kwenye trei iliyotakiwa kuwa ya maji matupu. Katika miaka mitatu sikuwahi kukosea trei. Daktari aligundua kwa sababu niliandika hivyo hivyo kwenye daftari, nilichofanya ndicho nilichoandika. Aliniita, akafunga mlango.

“Una shida gani, bwana?”

Nikauliza. Ilikuwa mara ya kwanza. “Hii dawa inaifanya nini shayiri?”

Alishangaa kidogo, kisha akachukua chaki. Alichora duara kubwa ubaoni. Hii ni seli moja ya jani, alisema. Hapa katikati ni kiini, na ndani yake kuna jeni, maagizo ya kutengeneza protini. Protini ndizo zinazojenga kila kitu na kukifanyisha kazi. Akachora viduara vidogo pembeni. Hivi ni vipunje vya kijani, kloroplasti. Gizani havijakomaa, ndiyo maana jani lako ni la manjano. Ukiwasha taa vinaanza kujijenga. Lakini vinahitaji protini za pande mbili. Nyingine zinaagizwa na kiini, zinatengenezwa huku nje na kuingizwa. Nyingine zinatengenezwa humo humo ndani ya kipunje, kwa sababu kina maagizo yake machache na karakana zake ndogo za protini. Upande mmoja ukisimama, kipunje hakikui. Ile shayiri inayozaliwa nyeupe imekosa agizo. Hii tunayoitia dawa maagizo yake ni mazima, ila dawa imesimamisha karakana za ndani ya kipunje.

“Za ndani tu?”

“Za ndani tu. Zile kubwa za nje inaziacha zikifanya kazi. Ndiyo maana tunaitumia, tujue protini gani inatengenezwa wapi.”

“Na mtu?”

“Mtu hana kloroplasti. Karakana za seli zetu ni kama zile kubwa za nje, dawa inazipita. Zile ndogo za kwenye kipunje zinafanana na za bakteria. Kwa hiyo dawa inayoua bakteria wa kifua kikuu inalifanya jani kuwa jeupe, kwa sababu ile ile. Mara nyingine inagusa masikio, mgonjwa anashikwa na kizunguzungu. Akimwambia daktari wake, anapunguziwa au anabadilishiwa. Kwa nini unauliza?”

Nilimwambia. Nilisema yote kuanzia foleni ya zahanati hadi leso. Aliweka chaki chini.

“Ulimwachisha lini?”

“Machi.”

“Leo ni Agosti.” Alikaa. Kisha akasema, “Kwa nini hukuniuliza?”

Sikuweza kumweleza habari za baba na ule mti. Nilisema sikuona kuwa ni mahali pangu.

“Na mimi nilikupa chupa mkononi,” alisema, “nikakufundisha vipimo, sikukwambia ni ya nini.” Alichukua funguo za gari. Tulikwenda Kawangware mchana ule ule tukamchukua mdogo wangu, naye akaingia kwenye gari la Daktari akiwa ameshika blanketi, akamuuliza kama yeye ndiye yule wa kabati la giza.

Sista alimtambua kabla hajashuka. Hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Alimpima, akatuandikia barua ya kwenda hospitali ya kifua. Huko walipima makohozi, na baada ya wiki kadhaa daktari wa watu alinieleza kwa sauti ya chini. Vijidudu vilivyobaki baada ya dawa kukatwa vilikuwa vile vigumu, vikazaana peke yao. Sasa streptomaisini havikuisikia, na vile vidonge vya zamani navyo karibu havikuvisumbua. Kulikuwa na dawa nyingine, chungu, za kutapisha, zisizopatikana kila wakati. Walimpa zilizokuwapo.

Nilimtembelea kila siku baada ya kazi. Wodi ilikuwa na madirisha makubwa yaliyoachwa wazi hata kwenye baridi. Alizidi kuwa mwepesi. Siku moja aliniuliza huku ametazama dari.

“Kaka, ile sindano ilikuwa inaua kweli?”

“Hapana. Nilikosea. Ilikuwa inakuponya.”



“Basi ungeniacha nikae upande mmoja,” alisema. Alitaka kucheka, kikohozi kikamkamata, nikamshika mabega mpaka kikapita.

Alifariki mwezi wa Novemba, asubuhi, wakati mimi nikiwa kwenye chumba cha giza nikipanga punje. Daktari ndiye aliyeletewa habari, akaja kuufungua mlango bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kufanya kwa sababu mwanga uliharibu trei.

Nilikwenda kuchukua vitu vyake. Karani wa hospitali, kijana wa rika langu mwenye shati safi, alifungua faili ili nitie sahihi kuwa nimepokea nguo na viatu. Maandishi yalinielekea. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, palikuwa pameandikwa: Mgonjwa alitoroka matibabu miezi mitano.

“Hiyo si kweli,” nilisema.

“Gani?”

“Hakutoroka. Hakukosa hata siku moja mpaka alipokatazwa. Mimi ndiye niliyemkataza. Na aliyekuja kumtafuta, mimi ndiye niliyemdanganya.”

Karani alitazama nyuma yangu, palikuwa na watu watano au sita. “Pole, bwana. Lakini faili imeshafungwa. Tia sahihi hapa kwa ajili ya nguo.”

“Andika kwanza.”

“Haina faida sasa. Hakuna mtu ataisoma.”

“Basi haitakusumbua ukiandika.”

Mama mmoja kwenye foleni alisema wengine nao wana wafu wao. Nilimwambia samahani, na sikusogea. Karani aliniangalia, akaangalia yale maandishi mekundu, akachomoa kalamu. Aliyakata, akaandika juu yake polepole, kisha akaigeuza faili nisome: Mgonjwa alizuiwa na kaka yake.

Nilisoma mara mbili. Nikatia sahihi mahali pa nguo, na chini ya yale maneno nikatia nyingine.